Kwa nini kakao nyingine ya Kyela hukosa harufu ya chokoleti

MAGUNIA mawili ya kakao yanaweza kufika ghalani siku moja, yakitoka katika mashamba yanayopakana huko Makwale, wilayani Kyela, mkoani Mbeya. Punje zake zina ukubwa ule ule na ganda la rangi ile ile. Hata uzito wake hautofautiani. Lakini kisu kikishapasua punje chache za kila gunia, tofauti hujitokeza bila kificho: gunia moja lina punje za kahawia zenye nyufa ndani, na jingine lina punje ngumu za rangi ya kijivu au zambarau.

Gunia la kwanza likikaangwa litatoa harufu ya chokoleti. La pili halitatoa harufu hiyo hata likikaangwa na fundi bingwa wa Ulaya. Litatoa uchungu, ukakasi na, pengine, ladha inayofanana na ya viazi vibichi.

Wakulima wengi wanaoambiwa kuwa kakao yao haina harufu hudhani kwamba tatizo liko kwenye udongo au aina ya miti. Wengine huamini kuwa ni maneno ya mnunuzi anayetafuta kisingizio cha kushusha bei. Mambo hayo yanaweza kuwa na nafasi yake, lakini mara nyingi kosa hutokea baada ya tunda kukatwa mtini, katika siku kumi hadi ishirini ambazo kakao huwa mikononi mwa mkulima mwenyewe. Kwa sababu hiyo, ni kosa linaloweza kutafutwa hatua kwa hatua, likabainika na kurekebishwa.

Suala hilo lina uzito wa pekee kwa sasa. Mwaka 2024, bei ya kakao katika soko la dunia ilipanda kupita dola 10,000 za Marekani kwa tani, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla, baada ya mavuno kuwa mabaya nchini Ivory Coast na Ghana, nchi mbili ambazo kwa pamoja huzalisha zaidi ya nusu ya kakao yote duniani. Wakati kakao ikiwa adimu kiasi hicho, wanunuzi hawakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua. Lakini kuanzia mwaka 2025 bei hiyo iliporomoka, na kufikia mwishoni mwa mwaka huo ilikuwa chini ya nusu ya kilele chake.

Bei inaposhuka, ubora ndio unaomtenganisha muuzaji mmoja na mwingine. Tanzania si mzalishaji mkubwa wa kakao, na haiwezi kushindana na Afrika Magharibi kwa wingi. Inachoweza kushindania ni ladha. Na kwa kuwa kakao ya wakulima wengi hukusanywa kupitia vyama vya msingi vya ushirika na kupigwa mnada kwa pamoja, gunia moja lililoharibika haliishii kumwumiza mwenye gunia. Linachanganyika na la jirani na kulishusha nalo.

Harufu hutengenezwa, haivunwi

Jambo la kwanza ambalo mkulima anapaswa kulielewa ni kwamba punje mbichi ya kakao haina harufu ya chokoleti hata kidogo. Anayepasua tunda lililoiva atakuta punje 30 hadi 40 zilizozungukwa na ute mweupe wenye utamu na uchachu. Ute huo una ladha nzuri mdomoni, lakini punje yenyewe ikitafunwa ni chungu na hukausha ulimi.

Harufu ya chokoleti hupatikana kwa hatua tatu. Hatua ya kwanza ni kuvundika, ambapo ndani ya punje hutengenezwa malighafi ya harufu. Hatua ya pili ni kukausha, ambapo malighafi hiyo huhifadhiwa na asidi iliyozidi hupungua. Hatua ya tatu ni kukaanga, kazi ya kiwandani, ambapo moto wa nyuzi joto kati ya 120 na 150 hivi huunganisha malighafi hiyo na kuzaa harufu yenyewe. Ni kanuni ile ile inayoupa mkate uliookwa ganda lenye harufu nzuri, na nyama choma harufu inayomvuta mpita njia.

Kiwanda, basi, hukamilisha tu kile kilichoanzishwa shambani. Kama malighafi haikutengenezwa wakati wa kuvundika, hakuna moto wala sukari itakayoileta baadaye.

Yanayotokea ndani ya rundo

Mama anayepika kimpumu, pombe ya asili ya Wanyakyusa, ataielewa kazi ya kuvundika kakao kwa urahisi kuliko mtu mwingine yeyote. Anajua kwamba chachu ni kiumbe hai, kwamba inahitaji chakula na joto, na kwamba siku zikipungua pombe haiivi, zikizidi inaharibika. Kakao hufuata kanuni hizo, ila yenyewe hupitia mikono ya vimelea vya aina zaidi ya moja.

Katika siku moja au mbili za mwanzo, chachu inayotoka kwenye maganda, mikono, visu na majani ya migomba huanza kula sukari iliyo katika ute. Hugeuza sukari hiyo kuwa kileo, na ute huyeyuka na kutiririka kama maji yanayoitwa jasho la kakao. Wakati huo huo, bakteria wa aina ile inayogandisha maziwa huanza kuongezeka. Katika kipindi hiki hewa ndani ya rundo ni chache, na harufu yake ni ya matunda, kisha ya pombe.

Ute unapokwisha kutiririka na rundo likageuzwa, hewa huingia. Hapo huanza kazi ya kundi jingine la bakteria, wale wanaogeuza kileo kuwa siki. Kazi yao hutoa joto kubwa, na rundo lililopangwa vizuri hufikia nyuzi joto 45 hadi 50. Mtu akitia mkono katikati ya rundo hilo hawezi kuuacha kwa muda mrefu. Harufu ya siki huwa kali.

Joto hilo pamoja na siki hupenya ndani ya punje na kukiua kiini chake. Kifo cha kiini ndicho kiungo cha shughuli nzima. Kiini kikishakufa, kuta za chembechembe za punje hubomoka, na vitu vilivyokuwa vimetengwa hukutana. Vimeng'enya huvunja protini na sukari kuwa vipande vidogo, na vipande hivyo ndivyo malighafi ya harufu. Vitu vinavyoleta uchungu na ukakasi hupungua, na rangi ya zambarau hugeuka kuwa ya kahawia.

Kwa hiyo, kakao isiyo na harufu ni kakao ambayo mahali fulani katika mfuatano huu kazi ilikatizwa. Yafuatayo ni maeneo ambayo kosa hupatikana mara nyingi.

Matunda yaliyovunwa kabla ya wakati

Tunda lisiloiva lina ute mkavu na sukari kidogo. Chachu inayokosa sukari haitoi kileo cha kutosha, na pasipo kileo hapatakuwa na siki wala joto. Punje za matunda hayo pia hung'ang'aniana na huwa ngumu kutenganisha.

Mkulima anajua dalili za tunda lililoiva: rangi ya kijani hugeuka manjano, na ile nyekundu hugeuka rangi ya machungwa. Anayevuna mapema hafanyi hivyo kwa kutojua. Mara nyingi ana ada ya shule inayomsubiri au anahofia kwamba wezi watamtangulia. Hofu hiyo ina msingi, kwani bei ikipanda, mti wa kakao huwa kama fedha iliyotundikwa hadharani. Lakini tunda bichi lililookolewa kwa mwizi linaweza kuharibu ubora wa rundo zima.

Tunda lililopitiliza nalo lina hatari yake. Mbegu huanza kuchipua likiwa bado mtini, na tundu linaloachwa na chipukizi huwa mlango wa ukungu na wadudu. Vivyo hivyo, matunda yaliyooza kwa ugonjwa wa madoa meusi, ambao hustawi katika unyevunyevu wa Kyela, hayapaswi kuchanganywa na mazima. Kinachookolewa humo ni kidogo kuliko kinachoharibiwa.

Baada ya kuvuna, matunda yapasuliwe ndani ya siku chache. Upasuaji ufanywe kwa rungu la mti, si kwa panga, kwa kuwa panga hujeruhi punje. Punje iliyojeruhiwa huoza badala ya kuvundika.

Rundo dogo lisilopata joto

Hiki huenda ndicho chanzo kikubwa zaidi cha kakao isiyo na harufu miongoni mwa wakulima wadogo, na ndicho ambacho mkulima mmoja hawezi kukiondoa akiwa peke yake.

Rundo la kakao huhifadhi joto lake kwa unene wake. Likiwa dogo, joto hupotelea hewani haraka kuliko linavyozalishwa. Kwa kawaida, kiasi cha kilo 50 za kakao mbichi huhesabiwa kuwa cha chini kabisa kwa rundo la kawaida, na kuanzia kilo 100 kazi huwa ya uhakika zaidi.

Hesabu yake ni rahisi. Kilo moja ya kakao kavu hutokana na matunda 20 hadi 25 hivi. Mkulima anayevuna matunda 200 kwa wiki atapata kilo nane hadi kumi za kakao kavu, ambazo zikiwa mbichi ni kilo 20 hadi 25 hivi. Hiyo ni nusu tu ya kiasi cha chini kinachohitajika. Hata akifunika kwa uangalifu na kuhesabu siku sita kamili, rundo lake halitafikia joto linalotakiwa. Litakuwa limekaa siku sita bila kuvundika.

Wengine hujaribu kuepuka tatizo hilo kwa kuongeza punje mpya juu ya za zamani kila wanapovuna. Njia hiyo huleta tatizo jingine. Punje za siku ya kwanza zitakuwa zinaanza kuoza wakati za siku ya nne bado ni mbichi, na gunia litabeba punje za rangi tatu.

Suluhisho la kwanza ni majirani kupanga siku moja ya kuvuna na kuvundika pamoja. Wakulima watano wenye matunda 200 kila mmoja wanapata zaidi ya kilo 100 za kakao mbichi. Kila mmoja apimiwe na aandikwe kilo zake kabla ya kuchanganya, na mgawo ufuate daftari. Kilo 100 za kakao mbichi hutoa kilo 35 hadi 40 za kakao kavu, hivyo kila mmoja anaweza kuhesabu haki yake mapema.

Suluhisho la pili, kwa anayelazimika kufanya peke yake, ni trei za mbao zenye kina cha sentimita kumi hivi, zinazopangwa moja juu ya nyingine na kufunikwa vizuri. Njia hiyo ilibuniwa Afrika Magharibi. Hewa hupita kati ya trei na joto hubaki, na kazi hukamilika kwa siku nne hivi bila kugeuza. Trei zinapaswa kuwa kadhaa ili zihifadhi joto, lakini zinaweza kujazwa na kakao kidogo kuliko inayotakiwa na sanduku kubwa.

Siku zisizotimia, rundo lisilogeuzwa

Kwa kakao ya aina zinazolimwa zaidi Afrika Mashariki, siku zinazohitajika ni tano hadi sita. Mkulima anayeanika siku ya pili au ya tatu kwa sababu ana haraka ya fedha anaikatiza kazi wakati kiini ndiyo kwanza kimekufa, na malighafi ya harufu ndiyo kwanza imeanza kutengenezwa. Anayeziosha punje na kuzianika siku ile ile ya kupasua hana kabisa kakao ya kutengenezea chokoleti. Ana mbegu zilizokaushwa.

Kugeuza kuna umuhimu ule ule. Rundo likikaa bila kuguswa, sehemu ya katikati hukosa hewa, bakteria wa siki hawafanyi kazi, na kingo hubaki baridi. Utaratibu unaofuatwa na wengi ni kugeuza baada ya saa 48, kisha tena baada ya saa 96, kwa kuhakikisha kwamba punje za pembeni zinaingia katikati na za juu zinakwenda chini. Sanduku liwe na matundu chini ili jasho litoke, na lisitumie misumari inayogusa kakao, kwani asidi hula chuma na kuacha ladha yake. Kwa anayetumia rundo au kapu, majani ya migomba hufaa kwa kutandika na kufunika, na pia huleta chachu.

Pua ni kipimo kizuri. Siku ya kwanza inanukia matunda, ya pili pombe, ya tatu na ya nne siki kali. Kama siku ya tatu hapana joto wala siki, rundo limekwama: aidha ni dogo, halijageuzwa, au limelowa maji. Ikiwa harufu ya siki imepungua na badala yake inaanza ile ya kitu kilichooza au ya mkojo, siku zimepita kiasi. Kakao hiyo imepoteza harufu kwa njia ya pili, na haitarudi.

Jua, mvua na moshi

Kyela iko kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa na hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi ikinyesha kati ya Machi na Mei. Mvua hiyo inayostawisha kakao ndiyo inayofanya ukaushaji uwe mgumu.

Punje inayotoka kwenye rundo huwa na maji zaidi ya nusu ya uzito wake. Inapaswa kushushwa hadi asilimia 7 hivi, na isizidi 8. Ikibaki na zaidi ya hapo, ukungu huingia na kuleta harufu ya uvundo ambayo haiondolewi na kukaanga. Ikishuka chini ya asilimia 6, punje huvunjika ovyo.

Wengi hawajui kwamba kukausha haraka mno nako ni kosa. Punje zikipigwa na joto kali tangu siku ya kwanza, ganda hukauka na kufunga siki ndani. Kakao ya namna hiyo huwa na uchachu unaofunika harufu nyingine zote. Siku za mwanzo punje zitandazwe kwa unene wa sentimita chache na kugeuzwa mara kwa mara ili siki itoke taratibu. Kukausha kwa jua huchukua wiki moja, na wakati wa mawingu karibu wiki mbili.

Vichanja vilivyoinuliwa juu ya ardhi na kutandikwa mkeka hufaa kuliko turubai la chini, kwa sababu hewa hupita pande zote, na kuku na mbuzi hawafiki. Paa la nailoni angavu linalopitisha mwanga huruhusu kazi iendelee hata mvua ikinyesha. Kuanika juu ya lami ni hatari, kwani kakao hunyonya harufu ya lami na moshi wa magari.

Mkulima aliyezidiwa na mvua hushawishika kukausha juu ya moto jikoni. Kakao hiyo hukauka kweli, lakini harufu ya moshi huzama katika mafuta ya punje. Mnunuzi wa chokoleti huitambua mara moja, na hakuna namna ya kuiondoa.

Gunia karibu na usipa

Karibu nusu ya punje ya kakao ni mafuta, na mafuta hunasa harufu yoyote iliyo jirani. Katika nyumba nyingi za mwambao, chumba kimoja huhifadhi kakao, mafuta ya taa, mbolea, dawa za kunyunyizia na, wakati mwingine, gunia la usipa mkavu kutoka ziwani. Baada ya wiki chache, kakao iliyovundikwa vizuri huwa imebeba harufu za majirani zake.

Magunia ya katani yaliyo safi, yaliyopangwa juu ya mbao na mbali na ukuta, ndiyo yanayofaa. Mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa hufanya punje zitoe jasho na kuota ukungu, hasa zisipokauka barabara. Gunia lililowahi kubeba mbolea au samaki lisitumike, hata likifuliwa.

Kisu hakidanganyi

Mkulima hahitaji kusubiri ghalani ili ajue hali ya kakao yake. Kipimo kinachotumiwa na wanunuzi wa kimataifa hufanywa kwa kuchukua punje 300 bila kuchagua, kuzipasua moja moja kwa urefu, na kuzihesabu kwa rangi na kasoro. Nyumbani, punje 100 zinatosha kutoa picha.

Punje ya kahawia yenye nyufa zinazoachana ndani imevundika vyema. Ya zambarau imevundika nusu: itakuwa na harufu kidogo na uchungu mwingi. Ya kijivu, iliyoshikamana na ngumu kama ubao wa kuandikia wa shule, haikuvundika kabisa.

Kwa viwango vya kimataifa, kakao ya daraja la kwanza hairuhusiwi kuwa na zaidi ya asilimia 3 ya punje za kijivu, wala zaidi ya asilimia 3 ya zenye ukungu. Katika punje 300, hizo ni punje tisa tu kwa kila kasoro. Daraja la pili huruhusu asilimia 8 za kijivu na asilimia 4 zenye ukungu. Kwa maneno mengine, kilo chache za kakao iliyoanikwa bila kuvundikwa, zikitiwa katika gunia zuri ili kuongeza uzito, zinatosha kulishusha daraja.

Matokeo ya kisu humwelekeza mkulima mahali pa kutafuta kosa. Nyingi zikiwa za kijivu, rundo halikupata joto au siku hazikutimia. Zikiwa mchanganyiko wa rangi zote, hakugeuza, au alichanganya mavuno ya siku tofauti. Zikiwa za kahawia lakini zina ukungu, kosa liko kwenye kuanika au kuhifadhi. Zikiwa za kahawia na safi, lakini zinanuka siki, zilikaushwa kwa haraka mno. Zikiwa nyeusi na kunuka uozo, zilikaa mno.

Mfano wa Kilombero

Kwamba kuvundika kwa pamoja kunawezekana nchini kumekwisha kuonyeshwa. Kampuni ya Kokoa Kamili, iliyoanza kazi katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, mwaka 2013, hununua kakao mbichi kutoka kwa wakulima wadogo na kuivundika na kuikausha mahali pamoja. Kakao hiyo huuzwa kwa watengenezaji wadogo wa chokoleti ya hali ya juu nchini Marekani na Ulaya. Mmojawapo, Dandelion Chocolate wa San Francisco, amekuwa akiuza chokoleti inayotambulishwa kwa jina la Kokoa Kamili na la Tanzania.

Hilo halina maana kwamba kila anayetaka kununua kakao mbichi kijijini anafaa kuuziwa. Mlanguzi anayekuja na mizani yake usiku hanunui kwa ajili ya ubora. Humnyima mkulima sehemu ya thamani ambayo angeipata kwa kazi ya siku kumi na tano tu, na humrahisishia kazi mwizi aliyevuna shamba la mwingine. Tofauti iko kwenye mizani, daftari na uwazi wa bei.

Kwa Makwale na kata jirani, chombo cha kufanya kazi hiyo tayari kipo, nacho ni chama cha msingi. Sanduku la mbao lenye matundu, vichanja vyenye paa la nailoni, kipima joto kimoja na daftari la kilo ni gharama ambayo kikundi cha majirani kinaweza kuibeba kwa msimu mmoja au miwili. Kigumu zaidi ni makubaliano: kwamba matunda mabichi hayapokelewi, kwamba siku sita ni siku sita, na kwamba mwenye haraka ya fedha asaidiwe kwa mkopo mdogo wa kikundi badala ya kuachwa aanike kakao yake siku ya pili.

Mvua itaendelea kunyesha na bei ya dunia itaendelea kupanda na kushuka bila kumwuliza mkulima wa Kyela. Lakini siku sita za kuvundika na wiki moja au mbili za kuanika zimo katika uwezo wake. Anayetaka kuanza anaweza kuanza leo kwa kuchukua punje 100 kutoka katika gunia lililopo nyumbani, kuzipasua na kuzihesabu kabla gunia hilo halijapandishwa kwenye baiskeli kwenda ghalani.